Mchungaji Wetu Amekataa Kutajirika

Kamati ya Wanawake,
Kanisa la Vaisulu,
Kisiwa cha Savaii.

Kwa Baba Mzee Tavita Sagala,
Mwangalizi wa Wilaya.

Baba Mzee mpendwa,

YAH: MCHUNGAJI ETEUATI MOLI NA UKAIDI WAKE WA KUISHI KIMASKINI

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Faamanu Ioapo, katibu wa Kamati ya Wanawake, yule uliyeisifia kofia yake siku tulipozindua nyumba ya mchungaji. Kofia bado ninayo. Nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa kwa hasira kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Mwaka jana ulimhamisha Mchungaji Pesamino ukatuletea huyu Eteuati na mkewe Ruta. Walishuka kwenye basi na begi moja. Sisi tukadhani mizigo inakuja nyuma. Tulisimama barabarani na kwaya nzima, tumevaa nyeupe, jua linatuchoma, tukilisubiri lori. Mpaka leo hilo lori halijafika.

Wazee wa kanisa wamesikia kwamba unakuja kuamua kama abaki au aondoke, wakaniomba niyaweke malalamiko yetu kwenye karatasi. Ndiyo haya.

1. Nyumba. Wewe mwenyewe uliiona: ghorofa, nguzo, roshani tatu. Sisi wengine tunakaa kwenye nyumba zisizo na kuta, kwa hiyo tunaiona vizuri hata tukiwa tumelala. Eteuati alilala humo usiku mmoja tu. Asubuhi alisema kwamba akisali ukumbi unamjibu, akahamia kibanda cha jikoni huko nyuma. Nilikwenda kumsihi. Akaniambia, "Mama, Mwana wa Adamu hakuwa na pa kulaza kichwa chake."

Nikamjibu, "Mchungaji, Mwana wa Adamu hakuwa na Kamati ya Wanawake! Sisi tumekushonea foronya kumi na mbili!"

Akacheka, Baba. Alicheka mpaka Ruta akatoka kuangalia kuna nini. Sasa roshani tunaanikia kakao, vyumbani watoto wanasomea, na kwenye nguzo za mbele wamechora hesabu za kugawanya, nyingine zimekosewa.

2. Gari. Lile jeupe lenye vioo vyeusi, ambalo ndugu zetu wa ng'ambo walichangia. Enzi za Mchungaji Pesamino lilikuwa likipita tunainuka hata kama tunakula, na hatukujua kama yumo au hayumo. Hiyo ndiyo heshima. Huyu wa sasa ameshusha vioo. Anabebea samaki, wagonjwa na mabati. Mwezi uliopita Sieni alijifungulia kwenye kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali. Mtoto ni wa kike, mzima kabisa, na ameitwa Taavale, maana yake Gari. Nani atamwoa?

3. Trei za Jumapili. Kama unavyojua, hapa kwetu hakuna mdomo unaogusa chakula cha Jumapili kabla trei haijakwenda kwa mchungaji, na kilichonona ndicho kinachokwenda. Eteuati anapokea trei moja, anashukuru, halafu zile nyingine anazirudisha mwenyewe kwa miguu, mchana kweupe, Ruta nyuma yake na bakuli la majani ya magimbi ya tui. Mara ya kwanza alirudisha ya Chifu Leota. Mke wa Leota alilia, akidhani nyama haikuiva. Jumapili iliyofuata akapeleka nguruwe wawili. Wakarudi wote wawili, na mchungaji akaketi mkekani akala pamoja na kina Leota. Na alikula, Baba! Kwa hiyo huwezi kusema hana njaa.

Majirani walipoona mchungaji ameketi kwa Leota, kila nyumba ikaanza kupika zaidi ili nayo ikataliwe. Sasa tunashindana nani atakataliwa zaidi. Mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote amekula vipande vya pembeni, juzi aliwekewa nyama ya mgongo. Akaishika mkononi, akaniuliza kwa woga, "Kwani mchungaji amefariki?"

4. Wokovu wetu. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana nimelifikiria jambo hili nikifua, nikipalilia, hata wakati wa mahubiri. Bwana alisema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Huku kwetu ngamia hatumjui. Mchungaji Pesamino tulimjua, na hata mlango wa lile gari ulikuwa unamtosha kwa shida. Lakini mtu yule alikuwa na upendo! Alichukua mikeka yetu laini, ile ya thamani, nguruwe wetu, makopo yetu ya nyama, akabeba utajiri wa kijiji kizima peke yake, ili sisi tupite kwenye tundu tukiwa wembamba. Kama huko si kujitoa mhanga, sijui ni nini. Bwana alisema tusijiwekee hazina duniani, nasi tulitii: tulimwekea yeye.

Eteuati ametuachia mali yetu. Mume wangu amenunua friji. Leota ana mikeka imelundikana hadi darini. Tumehesabiana roho hapa, Baba, na tumeona kwamba watu pekee katika Vaisulu watakaouona ufalme ni mchungaji na mkewe. Huo ni ubinafsi.

5. Mwanangu. Hili ni la nyumbani kwangu, lakini wazee walisema niliweke. Alapati wangu anapakia nyama kiwandani kule Auckland. Aliondoka ndevu hazijaota. Roshani ya katikati ni yake yeye, ilijengwa kwa fedha alizotuma. Jina lake lilisomwa kanisani mbele ya watu wote, nikasimama nikapunga leso. Wageni wakija nawaonyesha: ile pale, roshani ya mwanangu. Uso wake siku hizi unanipotea kidogo, lakini roshani naiona kila siku.

Basi Eteuati aliniomba simu, akampigia. Akamwambia, "Kaka, usitume tena kitu kwa ajili yangu. Nina vya kunitosha." Baba, mtoto akiambiwa hivyo atatuma nini? Na asipotuma, jina lake litasomwa wapi? Niliipokonya simu nikasikia Alapati analia. Nikamwambia mchungaji, "Umeona? Umemuumiza mtoto wa watu." Naye alinitazama, na mimi sipendi kutazamwa vile.

6. Maskini. Eteuati aliuza televisheni kubwa ya ukumbini akamwezekea mjane Simeane paa jipya. Simeane, ambaye miaka yote alikaa kimya benchi la nyuma, sasa anakaa la pili na anatoa maoni. Halafu kila mvua ikinyesha anatualika tukasikilize jinsi lisivyovuja. Bwana alisema maskini mtakuwa nao siku zote. Kwa mwendo huu hapa kijijini wataisha kabla ya Krismasi. Je, mchungaji anataka kumfanya Bwana aonekane mwongo?

Kwa hayo yote, Baba Mzee, tunaomba moja kati ya mawili. Ama umwamuru Mchungaji Eteuati atajirike mara moja, aanze na vioo vya gari. Ama umwondoe, uturudishie Mchungaji Pesamino, naye aje na tumbo lake lote, tutambeba.

Msalimie mama mchungaji, wasalimie watoto wako, wasalimie na waimbaji wa besi wa kanisa lako, waliotushinda kwa hila Pasaka iliyopita. Sisi hatujambo kiafya, tumenenepa tu.

Ndimi mtiifu wako katika shamba la Bwana,

Faamanu Ioapo,
Katibu, kwa niaba ya wote wanaoogopa kuandika.

Nyongeza: Baba, nilikuwa nimeshaifunga bahasha simu ikaita. Alapati anakuja! Jumamosi anashuka kwenye feri. Anasema tangu aende huko hii ndiyo mara ya kwanza nauli imebaki mfukoni mwake. Aliniuliza atalala wapi, nikamwambia kwenye roshani yako, tutaanua kakao. Nilisema hivyo, nikamwachia simu Ruta aliyekuwa akipita, nikakimbilia ndoo na brashi. Eteuati atakwenda bandarini kumchukua na lile gari. Kiti cha nyuma nimekisugua mwenyewe.

Barua siwezi kuichana kwa sababu wenzangu wote wameshatia sahihi nyuma, na wananitazama. Lakini wewe usiisome. Kama umeshaisoma, usiijibu. Na kama umeshamwambia Mchungaji Pesamino afungashe, mwambie feri imejaa.