Mama Mkwe Hakupaswa Kuonekana Jukwaani

Iyula, Mbozi
9 Mei 1953

Kwa Bwana Mhariri, kwa heshima nyingi,

Pole na kazi ya kutuhabarisha. Huku mahindi yamekomaa, kahawa inaanza kuiva, na mke wangu Ruti ameondoka. Yuko kwao Mbangala wiki ya tatu sasa, na gazeti lako limo katika sababu.

Mwaka 1939 mto wetu ulifurika tukiwa njiani, mimi na mama mkwe. Sisi Wanyiha mkwe hatumtazami wala hatumsemeshi. Ukikutana naye njiani unaingia porini apite. Lakini maji hayajui ukwe, nikambeba mgongoni. Tulipofika ng'ambo kila mtu aligeukia upande wake, nikapeleka mbuzi wa kuomba radhi, yakaisha. Tangu hapo nakisimulia kisa hiki jikoni kwa adabu: nasema nilivusha mzigo wa heshima. Kila mtu anaelewa na hakuna anayeuliza. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Mwalimu Lusubilo wa shule yetu alikisikia akakuandikia, nawe ukakichapa. Kisa cha jioni tatu, chenye wimbo wa kuitikia, kimekuwa kifupi kama kidole, na chini yake tangazo la sabuni. Wimbo umeutupa. Lakini jina la mama mkwe wangu umelipatia nafasi, tena lote.

2. Badala ya kutubu, Mwalimu akakigeuza mchezo wa kuigiza siku ya kufunga shule. Mama mkwe aliigizwa na Osea seremala, mwenye ndevu zake. Alipanda mgongoni mbele ya watu mia mbili, akamshika masikio yule aliyejifanya mimi, na walipovuka akamwambia asante mwanangu. Bwana Mhariri, mama mkwe hajanisemesha tangu nilipomwoa binti yake. Wakaongeza na mamba. Katika mto wetu hata kambare ni wa kubahatisha.

3. Walionisikiliza miaka yote sasa wananisahihisha. Marta, jirani yangu, ameniuliza mbona nimemruka mamba.

4. Nasikia bwana wa sinema wa Serikali ameusifu mchezo na atakuja na kamera. Picha zake huvuka mpaka wa Tunduma hadi kwenye migodi ya shaba, waliko shemeji zangu. Basi kila Jumamosi nitambeba mama mkwe mbele ya Wabemba wa huko, huku mwenyewe nipo Iyula nachuma kahawa. Na mbuzi wa radhi nitoe kila Jumamosi? Hata Serikali haina mbuzi hao.

Kwa hiyo naomba uchapishe kwamba nilivusha gunia la mahindi. Mwalimu naye amtoe mama mkwe jukwaani, asikike tu kwa mbali akikohoa. Na Serikali itunge sheria, kisa kisihame mdomoni bila cheti, kama sisi tunavyodaiwa cheti pale Tunduma. Ruti anasema harudi mpaka heshima ya mama yake isafishwe, nami nimechoka kula viazi nilivyounguza mwenyewe. Namkumbuka, Bwana Mhariri, naandika hivyo bila aibu.

Nisalimie wachapaji wote, mama watoto wako, na yule anayetunga matangazo ya sabuni, maana yeye hajamkosea mtu.

Ni mimi msomaji wako mwenye uchungu,
Boazi Nzowa

Nyongeza: Kabla ya kuitia stempu niliipeleka barua hii Mbangala, Ruti akaisoma kwa sauti, mama yake akiwa nyuma ya ukuta. Kumbe mama hakuchukia kuonekana. Amechukia kugeuziwa mambo, kwa sababu yeye ndiye aliyenibeba mimi. Ni kweli. Niliogopa maji nikang'ang'ania mti, na mbuzi yule alikuwa wa kumwomba asiseme. Ruti atarudi majirani wakiujua ukweli. Jana jioni niliwasimulia wote. Walicheka, wakaniambia niache uongo, wao wameona kwa macho yao shuleni. Tafadhali mhimize bwana wa sinema aje upesi. Mama mkwe amepita miaka sitini, lakini anasema bado anaweza kunibeba.