Chupa ya Zinaida Pavlovna

Jumatatu, 5 Agosti

Salamu za heshima, ewe daftari. Niwie radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa nachimba viazi, na mgongo ukagoma kuinuka. Habari ipo. Zinaida Pavlovna, jirani yangu na mjane mwenzangu, amenipa chupa ya mdomo mpana, yenye matango ya chumvi. Chupa ya mtu hairudishwi tupu. Miaka hamsini na minne ya Urusi imenifunza hilo. Nitaijaza jamu niliyopika mwenyewe. Kisha nitamwomba tukae jiko moja, kabla Septemba haijatutoa huku kwenye nyumba za kiangazi na kuturudisha mjini, kila mtu na fleti yake.

Tatizo ni Gennadi Lvovich, dereva mstaafu wa treni. Nia yake ni hiyohiyo. Amemchongea benchi. Nimelikalia kulihakiki. Linayumba, namshukuru Mungu.

Jumatano, 7 Agosti

Cheri za jamu zimeungua. Sufuria ya marehemu Lyudmila (unisamehe, mke wangu) imekuwa nyeusi kuliko kanzu ya padri wa Kirusi. Mapadri wa misheni kule kwetu walinifunza Kilatini. Jamu, hapana.

Ijumaa, 9 Agosti

Hila! Stesheni nilinunua jamu ya cheri kwa bibi mwenye kitambaa cha bluu, nikaimimina katika chupa ya Zinaida. Uongo mdogo. Nitaungama.

Sikumkabidhi mlangoni, maana kwa Warusi kupeana kitu juu ya kizingiti ni mkosi. Niliingia, nikavua viatu. Soksi ina tundu! Na Gennadi yumo ndani, amevaa ndara ambazo Zinaida huwawekea wageni.

Nikaeleza nilivyochuma, nilivyokoroga saa tatu nzima. Zinaida akaonja. Akachovya tena kijiko, akaibuka na kijiti cha mdalasini kilichofungwa uzi mwekundu.

“Gaspari Osipovich, baba wee, uzi huu nimeufunga mimi. Anayeniuzia stesheni ni dada yangu.”

Gennadi alicheka mpaka ndara ikamtoka.

Jumamosi, 10 Agosti

Zinaida alikuja uani, bado anacheka. Akanipa chupa nyingine ya matango.

“Uongo wako mtamu, lakini utamu ni wangu. Niletee ulichopika wewe, hata kikiwa makaa. Halafu uniulize hicho kinachokuwasha ulimi.”

Nilitokwa na machozi. Nilisingizia vitunguu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimesali, nimetafakari. Ukweli ni jambo jema sana. Hata hivyo, bibi wa heshima hapelekewi makaa. Gennadi, ambaye nilimdhania vibaya, amenidokeza kuwa stesheni ya pili jamu haina uzi. Nimekwenda, nimenunua, nimekagua kwa uma.

Nimeandika pia barua ya posa, kurasa nne, mbili zikiwa za kuomba radhi. Safari ya stesheni imeumaliza mgongo, haunipi ruhusa ya kutembea tena. Hivyo barua na chupa vinapelekwa na Gennadi Lvovich mwenyewe, aliyekubali kabla sijamaliza kumwomba. Ametoka sasa hivi. Muungwana! Amevaa hata tai.