Mwaka Huu Mirzosho Atanilisha

Jumatano, 20 Novemba

Mawingu yamekaa mlimani tangu asubuhi. Goti la kushoto linauma. Goti hili halijawahi kunidanganya: theluji iko njiani.

Mwaka huu Mirzosho atanilisha. Nimeapa! Mwaka jana, siku ya theluji ya kwanza, nilimpelekea bakuli la theluji lililofunikwa kitambaa, nikamwambia ni mtindi. Mchezo wetu wa theluji ya kwanza ndivyo ulivyo: angelipokea tu kwa mikono yake, ningepiga kelele "Theluji yetu, karamu yenu!" naye angechinja kondoo wa kulisha kijiji. Hakulipokea. Alinidaka kola, akanipaka masizi uso mzima, na anayedakwa ndiye anayechinja. Nikachinja. Kijiji kizima kikala kondoo wangu, na Mirzosho akajipakulia mafuta ya mkia. Sisi tukala viazi mpaka barabara ilipofunguka.

Na huyu ni ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo! Nyumba yake iko chini ya yangu, paa lake linalingana na ua wangu. Naona kila anachofanya.

Saodat, mke wangu, amenisikia nikicheka peke yangu uani. Bila kuinua macho kwenye unga, ameniambia tuna kondoo mmoja tu na ndiye nyama yetu ya baridi yote. Huyo akiliwa kwa upuuzi wangu tena, yeye anapanda lori kwenda kwa binti yetu Nigora mjini, na nisimtafute kabla ya majira ya kuchipua. Nimemwambia kwa sauti kubwa kwamba safari hii nina mpango mzito. Hana imani na mimi. Inaumiza.

Ijumaa, 22 Novemba

Mpango mzito ni huu. Kwa nini nisubiri theluji ianguke kijijini, wakati kule juu malishoni imeshalala? Nikiwa na yangu ghalani, chembe ya kwanza ikidondoka tu, mimi niko mlangoni kwa Mirzosho naye bado anatafuta viatu.

Nimepanda na ndoo ya maziwa. Upepo wa kukata masikio. Nimeteleza, nimepoteza kofia, punda wa mtu amenicheka. Nimerudi jioni na ndoo imejaa, nikaificha nyuma ya magunia ya viazi.

Saodat ameiona, akaisogeza jikoni karibu na moto. Kisha akachemsha chai. Amenishukuru kwa dhati, akasema tangu tuoane hajawahi kuniona nikichota maji. Ningesema nini? Nimeunywa mpango wangu wote, kikombe baada ya kikombe.

Jumapili, 24 Novemba

Imeanguka! Asubuhi yote nyeupe, kimya, hata mbwa hawabweki.

Nimejaza bakuli, nikalifunika kwa kitambaa cha Saodat cha maua. Mtindi hautamdanganya tena, nikawaza. Lakini nani anakataa sadaka? Nikavaa uso wa huzuni, nikashuka, nikamwambia Mirzosho kwamba nimemwota marehemu baba usiku kucha na nimeleta kitu kidogo kwa roho yake. Machozi yalinitoka ya kweli, maana baridi ilikuwa kali.

Mirzosho akasema Mungu amrehemu, ila mikono yake ina samadi, niweke tu pale ukutani. Nikasema sadaka haiwekwi ukutani. Akasema basi nisubiri akanawe.

Nikasubiri. Mara akatoka mama yake, Mama mdogo Oyniso, mgongo umepinda, sahani mikononi. "Odina mwanangu, umeganda masikini. Shika mkate huu umpelekee Saodat, umetoka tanurini sasa hivi." Ulikuwa unatoa mvuke! Nani angemkatalia mama yule? Nikaweka bakuli langu chini, nikapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kizee kikaruka kama msichana. "Theluji yetu, karamu yenu!"

Nikainua mkate. Chini yake, theluji. Moto juu, baridi chini! Mirzosho alikuwa nyuma ya mlango akijishika mbavu. Akafunua na bakuli langu pia, akanipaka masizi kwa kosa la pili. Alisema nikipanga mambo yangu nisipige kelele uani, paa lake lina masikio.

Saodat ameuona uso wangu mweusi nikipanda. Ameingia ndani.

Jumanne, 26 Novemba

Jaribio la mwisho la kumwokoa kondoo. Nimetangaza kwamba kondoo ni mgonjwa, anakohoa. Nimejificha nyuma ya zizi nikakohoa mwenyewe, kifua kikauma. Mirzosho akasema masikini, basi achinjwe leo leo kabla hajafa kibudu. Majirani wote wakaitikia.

Amechinjwa. Wamekuja hadi watu wa kijiji cha chini nisiowajua majina. Saodat amepika toka alfajiri, amepakua, amekusanya mifupa, hajanitazama hata mara moja. Wageni wamesema hawajala nyama laini hivi miaka mingi. Mirzosho amekula mafuta ya mkia tena.

Alhamisi, 28 Novemba

Saodat ameondoka.

Dereva alisema hili ndilo lori la mwisho, mlima unafunga. Nimembebea mzigo mpaka darajani. Aliniambia hakasiriki kwa ajili ya kondoo. Aliniambia amechoka kuolewa na mtu ambaye kila siku anapambana na jirani na hajui mkewe ana kikohozi tangu Oktoba. Yule aliyekuwa anakohoa kweli ni yeye! Sikujua. Wallahi sikujua.

Nilitaka kumwambia pole. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema mwakani nitampata Mirzosho, ataona. Saodat akapanda lori.

Nyumba ni kubwa mno. Nimekaa na miguu chini ya mfarishi, makaa yamezima, sijui samadi kavu ya kuwashia moto anaiweka wapi. Nimelia kidogo. Nimeandika ili nikumbuke kumwambia pole.

Jumamosi, 30 Novemba

Theluji bila kukoma. Barabara imefungwa. Nimekula viazi. Nimekwangua theluji paani peke yangu, na nyingine imemwangukia Mirzosho mlangoni kwake, bahati mbaya.

Jioni Mirzosho akabisha hodi. Amesimama nje na bakuli limefunikwa kitambaa, linatoa mvuke. Kitambaa kile kile cha maua nilichokiacha kwake!

Alisema ni supu ya nyama. Alisema Saodat aliwaomba kabla ya kupanda lori wasiache nife njaa. "Shika basi, Odina, inapoa. Wewe ni ndugu yangu bwana, nakuonea huruma." Sauti laini kabisa. Sauti ile ile ya mama yake!

Mikono yangu nikaiweka mgongoni. Nikamwambia moto juu baridi chini, mchezo huo naujua. Akaapa. Akasema mchezo ni wa theluji ya kwanza tu, umeshakwisha, kila mtoto anajua. Nikamwambia ndiyo maana ameichagua leo, ili nisimshuku. Akatikisa kichwa, akaliweka bakuli kizingitini, akasema nikipata akili nilichukue.

Nimefunga mlango, harufu ikapenya. Tumbo limelia. Sikufungua!

Jumapili, 1 Desemba

Nimefungua mlango. Upepo umepeperusha kitambaa.

Bakuli limejaa theluji. Mpaka ukingoni!

Nilijua. Nilijua! Nimechimba kwa kijiko, chini kabisa nikakuta mchuzi umeganda na kipande kinono cha ubavu. Angalia ujanja wa mtu huyu: ametia nyama ya kweli ili nidanganyike vizuri.

Sikuigusa. Nimechemsha viazi. Lori la kwanza likipita nitashuka mjini mwenyewe, nimweleze Saodat jinsi nilivyomshinda Mirzosho. Atafurahi sana. Kulikuwa na jambo jingine la kumwambia, limenitoka.