Jiko la Upande wa Pili wa Mabati

Jumatatu, 14 Julai

Ukuta umepoa. Nimeugusa kwa kiganja, kisha kwa shavu. Baridi tupu.

Niandike ilivyo, maana bado siamini. Nekoye, mke wangu, alilala upande wa ukuta tangu tuhamie hapa Kianda. Nilidhani anaogopa mlango. Mwezi wa nne tukamzika kwetu Butere. Niliporudi nilihamia upande wake wa kitanda, kwa sababu upande wangu ulikuwa mpweke, na nikashangaa: mabati yalikuwa na joto. Kumbe ng'ambo jirani yetu Kalekye alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza, jiko likiwa limeegemea ukuta wetu. Mke wangu alikuwa na joto lake miaka yote hiyo na hakunigawia! Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Leo Kalekye amerudi Makueni kumtunza mama yake. Jiko ameenda nalo. Amenipungia mkono kwa furaha. Hajui amebeba nini.

Jumanne, 15 Julai

Kikohozi. Binti yangu Rachael amepiga simu kutoka Kawangware, akauliza ni mbwa gani huyo anayebweka. Ni mimi. Amesema anakuja Jumapili. Akikuta chumba kina baridi, ananichukua na blanketi langu nikakae kwake, na chumba kirudishwe kwa mwenye ploti. Nimemwambia huku ni joto. Amesema atajionea.

Siwezi kuhama. Misumari ya ukutani aliigonga Nekoye mwenyewe, imepinda yote. Atakayeingia ataing'oa.

Rachael anasema basi ninunue jiko. Lakini mama yake alikataa kabisa jiko chumbani. Alisema makaa kwenye chumba kilichofungwa humlaza mtu vizuri mno. Nimewaza mchana kutwa. Sihitaji jiko. Nahitaji jirani mwenye jiko. Chumba cha Kalekye ni cha kupikia tu, kina dirisha pana, na mpangaji hulala chumba cha nyuma. Nitamchagua mpangaji mimi mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Nimekaa mlangoni tangu asubuhi, nikijifanya nachambua mchele.

Wa kwanza, kijana wa kompyuta. Nimechungulia mizigo yake: nyaya tupu. Haziwezi kupasha hata uji. Nimemwambia kwa upole kwamba hapa stima huja kama mgeni. Akaenda zake.

Wa pili, mpiga pasi, pasi ya makaa. Nilisita. Lakini pasi hutembeatembea, na ukuta unataka kitu kilichotulia. Nikamwambia watu wa ploti hii hawapigi nguo pasi, atazame tu shati langu. Akatazama. Aliamini haraka kuliko nilivyopenda.

Jioni, Gathoni. Anauza githeri na maharagwe. Jiko lake limetengenezwa kwa pipa zima, limeletwa kwa mkokoteni na wanaume wawili, wote wakihema. Nilisimama lilipopita. Nimeisifu ploti hii mpaka msimamizi akaniangalia kwa shaka.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna Okeyo. Chumba cha Gathoni kina kuta mbili za jirani: mmoja wangu, mwingine wa Okeyo, fundi viatu. Wakati wa Kalekye, Okeyo alinung'unika kila siku kwamba mimi nimependelewa. Leo nimemkuta akimbebea Gathoni sufuria, akimweleza kwamba jiko likikaa upande wake litapata hewa safi sana. Akanikonyeza. "Mzee, mwaka huu ni zamu yangu kulala na vesti."

Huu ni wizi wa mchana.

Gathoni alipotoka kuleta mizigo, niliingia na jagi nikamwaga maji sakafuni upande wa Okeyo. Aliporudi nikamwonyesha. Nikamwambia kwa huzuni kwamba paa linavuja pale, lakini upande wangu ni mkavu kama biskuti. Akaniita guka, yaani babu kwa Kikuyu. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Nimevua sweta kabisa, niwe tayari.

Ijumaa, 18 Julai

Baridi. Na fukusi. Wamepita kwenye tundu la msumari na kunitembea shingoni.

Nimeenda kuchungulia kwa Gathoni. Nimeduwaa. Upande wangu, ulio mkavu: magunia ya mahindi na maharagwe, yamepangwa hadi juu. Upande wa Okeyo: jiko, linanguruma. Gathoni alinieleza taratibu, kama anayefundisha mtoto. Nafaka ikilowa inaota. Jiko likidondokewa linajikausha lenyewe. Akanishukuru tena. Bila mimi, alisema, angeweka jiko upande wangu na magunia kwa Okeyo. Ndivyo alivyokuwa amepanga.

Ndivyo alivyokuwa amepanga. Nimeandika mara ya pili nione kama neno hili litapungua uchungu. Halipungui.

Okeyo anafua shuka nje, kifua wazi. Julai hii!

Jumapili, 20 Julai

Nilipata wazo kanisani. Watu wana joto. Nikaialika jumuiya yetu ije kusali kwangu saa ambayo Rachael angefika. Walijaa kitandani, juu ya ndoo, wengine wakasimama mlangoni. Kufikia wimbo wa tatu, jasho. Rachael akaingia, akavua sweta. Mimi nikatazama dari, kama mtu aliyezoea.

Kisha Eddah, kiongozi wa jumuiya, akafumba macho na kupaza sauti. Bwana amkumbuke baba huyu, anayetetemeka kila usiku kwenye chumba hiki cha barafu, na ambaye ametuita tujazane hapa ili binti yake asijue. Nilikuwa nimemweleza kwa siri. Watu wakaitikia amina kubwa sana.

Wakaondoka, na joto lao wakaondoka nalo. Rachael akavaa sweta tena. Akaanza kukunja blanketi langu. Alipofika kwenye misumari akasimama. Akauliza kwa nini hasa sitaki kuhama. Nikamwambia yote: upande wa mama yake, mabati, jinsi alivyojificha na joto lake.

Rachael akakaa kitandani. Akasema, "Baba, mama hakukunyima. Shati lako alilitundika hapa ukutani kila usiku. Hujawahi kushangaa kwamba asubuhi lina joto?"

Sijawahi. Nilidhani mashati yako hivyo.

Jumatatu, 21 Julai

Ukuta una joto.

Ilikuwa hivi. Rachael alifuta macho, akatoka, akapiga hodi kwa Gathoni. Akasema, "Baba yangu anasikia baridi, unaweza kuweka jiko upande wake?" Gathoni akasema inawezekana, ila paa linavuja upande ule mwingine, magunia yatalowa. Rachael akatazama paa. Akanitazama mimi. Akasema halivuji. Basi, wakasukuma jiko.

Nimeshtuka kuliko siku zote. Hapakuwa na hila hata moja ndani yake.

Nabaki Kianda. Gathoni bado ananiita guka, lakini sauti imebadilika. Nimetundika shati kwenye msumari wa kati.

Alhamisi, 24 Julai

Okeyo anakohoa. Namsikia kupitia kuta mbili. Fukusi wamehamia kwake. Na jana, bila kuombwa, aliniletea viatu vyangu akiwa ameviwekea soli mpya. Akasema mguu wa mzee usishike baridi. Hakutaja ukuta hata kidogo. Ni heri angenitukana.

Gathoni anahitaji jiko la pili, la upande wa Okeyo. Ningeweza kwenda kumwomba. Lakini mtu haendi tu kuomba kitu hivihivi. Rachael anaweza, ana uso wa mama yake. Mimi nimetumia akili. Nimemwambia Gathoni kwamba watu wa Kawangware wanalilia githeri, kwamba binti yangu huitafuta jioni nzima na kulala bila. Ataongeza sufuria. Sufuria itataka jiko. Jiko litataka ukuta. Ni wazi kabisa.

Alisikiliza vizuri sana. Aliniuliza mpaka jina la mtaa.

Jumamosi, 26 Julai

Gathoni amehama. Amepata chumba Kawangware, mkabala na kwa Rachael. Jiko limeondoka asubuhi. Amesema hatanisahau maishani.

Rachael amepiga simu. Anauliza nimemwambia nini huyu mama. Githeri ni tamu, anasema, lakini nimemwambia nini?

Kuta zote mbili ni baridi. Okeyo amekuja kukaa kwangu, tumejifunika blanketi moja mabegani, tunakohoa kwa zamu. Nimemwambia atulie. Mtaa wa pili, Soweto West, kuna mama wa mandazi, jiko lake nimeliona, ni zuri ajabu. Leo jioni atasikia kutoka kwa mtu mwema kwamba ploti yao ina panya wanaopenda unga.

Okeyo ameuliza kwa nini tusimwambie tu kwamba hapa kuna chumba kizuri, kiko wazi.

Nimemsikitikia. Mtu mzima vile, na bado hajui mambo yanavyofanywa.