Samaki Mia Moja, Antena Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo naandika kwa wino mweusi, ili wajukuu waje wasome bila kukodoa macho.

Saa mbili asubuhi Daktari alituita ofisini, mimi na Desimali. Daktari ni mama mfupi, mtaalamu wa samaki, bosi wa kituo chetu hapa chini ya bwawa la umeme. Desimali ni fundi mwenzangu. Jina hilo nilimpa mimi. Hajawahi kusema kitu kina futi mbili. Kwake ni sentimita sitini nukta tisa sita.

Daktari akaeleza. Samaki wanaoshuka mto hupitishwa kwenye mabomba tisa ya plastiki ili wasiingie kwenye mitambo na kukatwakatwa. Lakini wanapita kweli? Hakuna anayejua. Kwa hiyo kila samaki atawekewa chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya tumbo. Haina betri. Sisi tunazungusha waya wa shaba kwenye bomba, hiyo ndiyo antena. Chipu ikipita pale inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Nikapata msisimko hadi kwenye vidole vya miguu.

Bomba la kwanza ni la Desimali. La pili langu. Jumatatu ijayo samaki mia moja katika kila bomba. Antena itakayosoma samaki wengi ndiyo itakayofungwa kwenye mabomba yote, na fundi wake ndiye atakuwa mkuu wa antena. Halafu Daktari akavua miwani na kusema, tusipothibitisha kwamba samaki wanapita salama, wenye bwawa watayafunga mabomba mwisho wa mwezi. Wanadai yanapoteza maji bure.

Sikusikia vizuri sehemu hiyo. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "mkuu wa antena" moyoni.

Jumanne, 4 Machi

Maelekezo yanasema mizunguko kumi na miwili ya waya. Maelekezo yameandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Nimezungusha thelathini.

Desimali alipita akaniuliza kwa upole nimefikisha mingapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi. Akasema yake ni kumi na miwili. Maskini.

Saa tisa niliunganisha antena na kisomaji, lile boksi la kijivu linalopokea namba. Likakataa. Nikazima, nikawasha. Likakataa tena, safari hii na taa nyekundu. Kumbe waya na kisomaji lazima vikubaliane mawimbi, kama watu wawili wanaobeba kabati kupanda ngazi. Ukizidisha mizunguko, mmoja yuko juu, mwenzake bado anavaa viatu.

Nimefungua mizunguko kumi na minane. Vidole vimechubuka. Waya uliobaki mke wangu ameufanya kamba ya kuanikia nguo. Amesema ni mara ya kwanza kazi yangu kuleta kitu nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi mkubwa!

Nilibeba kipande cha bomba, antena yake na kisomaji nikaja navyo nyumbani, mbali na macho ya Desimali. Nikavipanga juu ya meza ya kulia chakula. Ili kulinganisha mawimbi unaongeza na kupunguza kapasita, vidude vidogo vyenye miguu miwili, huku ukiangalia mita. Nikaongeza kimoja. Mshale ukapanda. Nikaongeza kingine. Ukapanda zaidi. Cha tatu ukaanguka, nikakitoa haraka kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

Nikafunga chipu kwenye ncha ya fimbo na kumpa mke wangu aipitishe ndani ya bomba. Kisomaji kikalia. Akapitisha tena, kikalia. Mara ishirini, mara zote ishirini. Watoto walitaka wapitishe wao, wakagombania fimbo mpaka ikabidi kuwapangia zamu. Mke wangu akasema, "Baba watoto, inasoma vizuri. Sasa toa bomba, watu wanataka kula." Nikamwambia asubiri kidogo. Tukala, wao wamesimama, mimi nimekaa na bomba.

Nimemweleza kuwa kuanzia wiki ijayo ataitwa mke wa mkuu wa antena. Aliuliza kama kuna tofauti yoyote kwenye kufua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku chungu mpaka saa nane.

Antena ya Desimali imefungwa kwa mikanda ya plastiki, inaonekana kama mzigo wa mtu anayehama. Yangu nilitaka ikae kifalme. Jana nilimwagiza shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea, anitengenezee bangili nne za chuma za kukumbatia bomba. Leo asubuhi akazileta. Nzito, zimepakwa rangi ya fedha, zina nati ukubwa wa ngumi ya mtoto. Tukazifunga pamoja. Wafanyakazi wa pampu walikuja kutazama. Mmoja alizipiga picha.

Nikawasha. Kimya.

Nikapitisha fimbo. Kimya. Nikapitisha fimbo polepole, kisha haraka, kisha nikaiambia tafadhali. Kimya kabisa. Daktari alikuwa anapita na karatasi zake. Alizitazama zile bangili, akaniambia bila kusimama kwamba chuma kinanyonya nguvu yote ya antena, chipu haibakiziwi kitu cha kuiamsha.

Shemeji akasema, "Shemeji, wewe uliniambia ziwe imara. Hukuniambia zisiwe za chuma." Akakunja uso. Nikamwambia mimi na yeye tumefanya ugunduzi. Akasema yeye hajagundua kitu, ameamka saa kumi na moja kuchomelea. Tukazifungua. Ilichukua muda mrefu zaidi kuliko kuzifunga, kwa sababu kazi yake ni nzuri kweli. Nikafunga mikanda ya plastiki. Saa nane antena ikaanza kulia kama ndege.

Shemeji ameondoka na bangili zake bila kunywa hata maji.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya upelelezi. Nilienda bomba la kwanza kujifanya naazima bisibisi. Mpango ulikuwa nichungulie kwa jicho la pembeni. Desimali akaharibu kila kitu kwa kunionyesha mwenyewe. Akanifungulia boksi, akanitajia kapasita zake, akanipa na bisibisi mbili nichague. Kisha akanishika bega. Kebo yangu, alisema, inapita karibu mno na mota ya pampu. Mota ina kelele za umeme. Kisomaji kitashindwa kusikia chipu. Niisogeze mita tatu nukta tano.

Nikatabasamu. Nani anamsaidia mpinzani wake bure? Huo ni mtego. Nikarudi nikaisogeza kebo karibu zaidi na mota, hadi ikaigusa.

Kisomaji kikawa kama redio iliyoangukia majini. Hakuna namba hata moja.

Wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwa kantini, niliihamisha kebo mita tatu nukta tano. Sauti safi. Fimbo mara mia: imesomwa tisini na moja. Nimerukaruka peke yangu kando ya bomba. Tisini na moja!

Bisibisi sijairudisha. Nataka aone nilikuwa naihitaji kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Desimali amepata tisini na saba kwa mia.

Alinijulisha mwenyewe, tena akasema tisini na moja ni nzuri sana kwa bomba lenye kona. Nikasema asante huku meno yameuma ulimi.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa saa nzima nikiwaza. Na hapo ndipo lilipoingia wazo. Kompyuta inahesabu kila mara namba inapotajwa. Je, chipu moja ikikaa pale pale kwenye antena siku nzima, si itataja namba yake bila kupumzika? Mia, mia mbili, elfu! Desimali na tisini na saba zake atajificha wapi?

Nilichukua chipu moja kutoka kwenye kopo la majaribio, nikaibandika kwa karatasi ya gundi upande wa chini wa bomba, chini ya mkanda wa plastiki. Nikawasha. Skrini ikaanza kutiririka namba kama maji ya bomba lenyewe. Ile ile, ile ile, ile ile. Machozi yalinilenga.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwa tahadhari kwamba bomba langu linaweza kusoma maelfu. Akauliza, "Si ulisema samaki ni mia?" Nikamwambia sayansi haiendi hivyo. Akarudi kwenye kukunja nguo.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Nimeandika hotuba. Kurasa nne. Desimali nimemtaja mara moja, kwa huruma.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote.

Daktari alikuja saa tatu. Wenye bwawa walimleta bwana mmoja mwenye tai na daftari. Samaki walikuwa kwenye matangi mawili ya juu, mia moja na mia moja, rangi ya fedha tupu, wanazunguka kana kwamba na wao wana haraka ya kujua. Kule chini mabomba yanamwaga kwenye mabwawa madogo yenye wavu, kila bomba na lake, ili samaki wasipotee mtoni kabla ya kukaguliwa.

Wa Desimali walifunguliwa kwanza. Kisomaji kikalia, kikanyamaza, kikalia. Dakika arobaini. Skrini: samaki tisini na sita.

Wangu wakafunguliwa. Skrini yangu ilitiririka tangu mwanzo mpaka mwisho, haikusita hata nukta. Nilimtazama Desimali kuona kama amepauka. Alikuwa amekunja paji la uso, kama mtu anayesikia harufu ya waya unaoungua.

Daktari akavaa miwani akainama. Mara ngapi namba zimetajwa? Elfu kumi na moja, mia nne na kumi na mbili. Nikajinyoosha. Samaki wangapi? Akasogeza chini. Akasogeza juu. Akasema, "Mmoja."

Nikauliza mmoja wa nini.

"Samaki mmoja. Namba moja. Amepita mara elfu kumi na moja." Akanigeukia. "Ana bidii huyu."

Desimali alipitisha kidole chini ya mkanda, akatoka na chipu yangu imeng'ang'ania karatasi ya gundi. Daktari ndiye aliyeeleza. Antena husikia chipu moja kwa wakati mmoja. Mbili zikijibu pamoja, zinachanganyikana na hazisikiki. Hii moja ilikuwa inapiga kelele masikioni mwa antena muda wote, na mia nzima wamepita pembeni yake bila kusikika hata mmoja.

Yule bwana wa tai akafunga daftari. Akasema kwa hiyo bomba la pili halijathibitika, naye ataandika hivyo. Nikaona uso wa Daktari ukishuka. Miaka sita amehangaika na mabomba haya. Pale nilijisikia mdogo kuliko ile chipu.

Nikasema samaki bado wako ndani ya wavu. Nitawapima mmoja mmoja kwa kisomaji cha mkono. Mimi mwenyewe. Sijui nani alinisukuma kusema hivyo. Yule bwana alitazama saa, akasema atasubiri mpaka kesho mchana.

Jumanne, 11 Machi

Kuanzia jana saa sita hadi jioni, na leo tangu jua kuchomoza, nimesimama kwenye maji mpaka kiunoni. Unamnyanyua samaki kwa wavu mdogo, unapitisha kisomaji juu ya tumbo, namba inatokea, unamwachia mtoni. Desimali alikuja bila kuitwa. Alishika daftari. Hakuniuliza chochote kuhusu gundi. Nilimrudishia bisibisi.

Samaki wa kwanza wanateleza, unawakimbiza. Kufikia wa thelathini mikono ilishajua. Kila namba ikitokea moyo ulidunda upya. Yuko hai. Na huyu. Na huyu. Sabini. Themanini na tano. Wa tisini na tisa alipotoka tukatafuta wa mwisho nusu saa nzima, tumeinama wote wawili, makalio juu. Alikuwa amejibanza nyuma ya buti langu.

Mia moja. Wote hai, hakuna hata aliyechubuka. Nilipiga kelele mpaka wafanyakazi wa pampu wakatoka nje.

Bwana wa tai aliandika. Mabomba hayafungwi. Daktari alinishika mkono wangu wenye magamba akautikisa muda mrefu. Halafu akamteua Desimali mkuu wa antena.

Mke wangu alinipokea mlangoni, akanivua viatu vilivyojaa maji, akaniambia anajivunia mimi. Nikamwambia hotuba bado ninayo. Akasema nioge kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Daktari amenihamisha. Sitagusa antena kwa sasa. Kuanzia kesho nakaa kwenye meza ya kuwawekea samaki chipu, chini ya usimamizi wa Desimali. Wengine wangeona ni adhabu. Mimi naona ni heshima: kila samaki wa mto huu atapitia mikononi mwangu.

Na leo, nikiwa napanga sindano, limeniingia wazo ambalo limenifanya nikae chini. Kwa nini kila samaki anapewa chipu moja? Nikimwekea kila mmoja chipu mbili, Desimali akisoma samaki mia, kompyuta itaandika mia mbili. Hakuna aliyewahi kulifikiria. Nimeomba stoo waniletee kopo la pili.