Simu ya Hadharani

Wananchi wote wa tarafa hii wanatangaziwa, kwa furaha na unyenyekevu, kwamba Serikali imeamua kuwa wazi. Kuanzia leo Mheshimiwa Waziri wa Shughuli Maalum na Mambo Mengineyo hatazungumza tena kwa siri na polisi wala na mwendesha mashtaka. Atazungumza nao hadharani, kwa simu, mbele ya spika, na kila mwenye masikio anakaribishwa.

Hayo ni maneno niliyoyasoma mimi mwenyewe, Aron, niliyekuwa naibu wa chifu hadi asubuhi hiyo, kisha nikapandishwa cheo kuwa Mratibu wa Uwazi wa Simu. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, lakini kilikuwa na kofia. Jina la Mheshimiwa sitalitaja, kwa maana si jina la kutajwa ovyo.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, wafadhili wa ng'ambo walipoanza kuuliza maswali. Walikuwa wamesikia kwamba mawaziri wetu huwapigia polisi simu kwa siri, na jambo hilo liliwakosesha usingizi huko kwao. Serikali ikakaa, ikafikiri. Mtu mwingine angekurupuka na kusema simu zikome. Sisi hatukukurupuka. Wafadhili walilalamikia siri, basi tukaondoa siri. Simu ikabaki.

Tulichagua kituo cha kununua majani chai kilicho kando ya barabara ya kwenda Litein, kwa sababu ya kitaalamu: pale watu hawana pa kukimbilia. Ukishachuma majani yako unaketi hapo ukingoja lori la kiwanda, na lori la kiwanda halina haraka na mtu. Watu wa posta wakavuta waya mpaka kibandani. Kanisa likatuazima spika. Mimi nikaleta kitambaa cha meza cha mke wangu, kile cha wageni, na mpaka leo bado ananinunia.

Kituo hicho kina desturi yake, nami nilimweleza Mheshimiwa mapema ili asishtuke. Karani Nyaberi akitundika gunia kwenye mizani, huuliza kwa sauti, "Imesoma ngapi?" Foleni nzima huangalia mshale na kutaja kilo. Mwenye majani asiporidhika husema "Rudia!" Gunia lake hutundikwa upya, na hakuna gunia la mtu mwingine litakalosogea mpaka aridhike. Walianza hivyo zamani, wakati kulikuwa na makarani wenye tabia ya kula kilo za watu.

Mheshimiwa alifurahi sana. "Vizuri kabisa," akatangaza kwenye spika. "Utaratibu wa kituo ufuatwe, hata kwa simu zangu." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga zaidi yao, kama inavyotakiwa na ofisi yangu.

Simu ya kwanza ilimhusu mpwa wake, aliyekamatwa na mbao za msitu wa Serikali. Mheshimiwa alimpigia Afande Mokaya, mkuu wa kituo cha polisi cha tarafa yetu.

"Afande, sikuambii umwachilie mpwa wangu."

"Ndio, mzee," spika ikajibu.

"Sheria ni sheria."

"Ndio, mzee."

"Nauliza tu. Amekula?"

"Amekula, mzee."

"Chakula cha huko ndani kinamsumbua tumbo tangu akiwa mdogo."

Spika ikakwaruza kidogo. "Nimeelewa, mzee."

Kabla lori halijafika, mpwa alikuwa nasi kwenye kituo cha majani anatafuna mandazi. Watu wakamwangalia. Yeye akawapungia mkono. Nikatangaza kwamba uwazi umefaulu, maana hakuna aliyeweza kudai kwamba hakumwona.

Kwa faida ya wasiojua utawala, nieleze. Neno linalofuata "sikuambii" ndilo amri. Mengine yote ni mapambo ya wananchi. Wafadhili hawakulijua hilo. Sisi tulilijua, polisi walilijua, na kumbe hata foleni ya majani chai ililijua, ila ilikuwa imenyamaza kwa adabu.

Sasa nifike kwa jambo la ng'ombe wa Chepkurui, mama mmoja anayeuza majani yake kituoni hapo.

Mheshimiwa alikuwa amekuja kuzindua msimu wa kulima. Waandishi wa magazeti walipofika, alimshusha dereva, akapanda trekta mwenyewe, akashika usukani, akatabasamu. Picha ilitoka nzuri mno. Mimi ndiye niliyeipanga. Baada ya picha, trekta ilikataa kusimama. Ilipita kwenye ua wa Chepkurui, ikapita juu ya michai yake, ikamkuta ng'ombe wake wa maziwa amelala anacheua. Taarifa rasmi, ambayo nilisaidia kuiandika, inasema kwamba ng'ombe aliigonga trekta.

Mume wa Chepkurui, anaitwa Kiptanui, alitoka nyumbani akipiga mayowe. Akashikwa papo hapo kwa kosa la kuzuia trekta ya Mheshimiwa kwa kutumia ng'ombe. Akawekwa ndani, na ikasemekana atapelekwa kortini Kericho.

Siku ya mwisho kabla ya kesi, Chepkurui alinikuta kituoni nikinyoosha kitambaa cha meza. Alikuwa na gunia lake la majani mgongoni na macho mekundu.

"Aron," akasema, "si wewe ulikunywa mursik, maziwa ya mgando ya huyo ng'ombe kwangu Krismasi, ukaomba kibuyu cha pili?"

Nilimjibu kwamba kwa sasa niko kazini.

"Naogopa, Aron. Naogopa kabisa. Ng'ombe ameenda. Huyu mtu naye akifungwa, mimi na watoto tutashika wapi?"

"Amini utaratibu, mama," nikamwambia. Hilo ndilo jibu letu kwa watu wanaolia.

"Upi? Huu wenu ama wa kituo?"

Sikuona tofauti, nikasema zote mbili.

Mheshimiwa alifika kwa shangwe. Magunia ya majani kutoka shamba lake yalikuwa mbele ya foleni, kwa sababu ya heshima, na lile la Chepkurui lilikuwa limetundikwa kwenye mizani kabla ya hayo, kwa sababu alikataa kupisha. Simu ikaunganishwa kwa Inspekta Ondieki, mwendesha mashtaka, aliye ofisi moja na Afande Mokaya.

"Inspekta," Mheshimiwa akaanza kwa upole, "sikuambii umfunge Kiptanui."

Kabla Inspekta hajajibu, karani Nyaberi, mkono ukiwa kwenye mizani na akili iko mbali, akauliza kama anavyouliza kila siku ya Mungu, "Imesoma ngapi?"

Foleni nzima ikajibu kwa sauti moja, "Imesoma afungwe!"

"Rudia!" akasema Chepkurui.

Nilimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alinitazama mimi. Tulikuwa tumetangaza wenyewe kwenye spika, na watu walitupigia makofi.

"Wananchi hamkusikia vizuri," akasema, akicheka. "Inspekta, sheria ni sheria. Nauliza tu, huyo Kiptanui hasikii baridi? Nasikia gerezani kuna blanketi nzuri."

"Imesoma ngapi?"

"Imesoma gerezani!"

"Rudia!"

Lori la kiwanda likaingia, likapiga honi. Jua lilikuwa kali. Majani yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwanda hakiyataki tena. Mheshimiwa aliyaangalia magunia yake mbele ya foleni. Hakuna gunia lililosogea. Alirudia tena. Akataja chai chungu ya gerezani, akataja faida ya mtu kupumzika mbali na kelele za nyumbani, na kila mara foleni iliyasoma maneno yake vile vile yalivyo. Chepkurui alisema "Rudia!" mpaka sauti ikakwama, na ilipokwama foleni ikamsaidia.

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Nyinyi, mimi naenda kituo cha Sosiot! Mnapakia ama hampakii?"

Mheshimiwa akavua kofia, akaitupa mezani. "Haya basi! Inspekta, mwachilie Kiptanui!"

Kisha sauti ya Inspekta Ondieki ikatoka pole pole, yenye heshima zote.

"Samahani, mzee. Hiyo 'sikuambii' umeisahau, ama umeiacha makusudi?"

Ee, jamani! Watu walicheka mpaka wengine wakakalia majani yao. Mimi niliziba kinywa kwa kofia ya Serikali.

"Nimeiacha!" Mheshimiwa akafoka.

"Kwa hivyo unaniambia."

"Nakuambia!"

"Nimeelewa, mzee. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuambiwa."

"Imesoma ngapi?"

"Imesoma aachiliwe!" Makofi yakapigwa, na akina mama wakapiga vigelegele.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipoanza, maana Mheshimiwa ni mwanasiasa, na mwanasiasa akisikia vigelegele hawezi kukaa kimya. Alivaa kofia yake tena. Alisahau mizani, akasahau majani.

"Na ng'ombe wangu?" akauliza Chepkurui. "Aliyemuua ni nani?"

"Mama, usilie!" Mheshimiwa akanguruma. "Inspekta, mwambie Afande Mokaya aliyeendesha ile trekta ashikwe leo leo, hata akiwa nani!"

Vigelegele vikawa mara mbili. Nikamvuta koti.

"Aron, niache. Huoni wananchi wananipenda?"

"Rudia!" ikaitikia foleni.

"Leo leo! Hata akiwa nani! Awe mkubwa, awe mdogo!"

"Rudia!"

Alirudia akiwa ameinua ngumi. Halafu sauti nyingine ikasikika kwenye spika. "Afande Mokaya hapa. Nimesikia yote. Nimeelewa, mzee."

Landrova ya polisi haikuchelewa. Nyuma akashuka Kiptanui, amekonda kidogo, viatu havina kamba. Chepkurui alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili, akalia mbele za watu bila haya. Mbele akashuka Afande Mokaya, akapiga saluti safi kabisa.

"Mzee, panda."

"Nipande niende wapi?"

"Aliyeendesha trekta, mzee. Umeniambia mwenyewe, na hukuweka 'sikuambii'. Gazeti lina picha yako kwenye usukani."

Afande Mokaya ni mtu mtiifu. Hajawahi kukataa amri ya simu ya Mheshimiwa hata siku moja, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo.

Mheshimiwa akaikamata simu. "Niunganishe na Mkubwa, Nairobi!" Mimi, kwa kuwa ni mtu wa busara, nilinyoosha mkono nizime spika. Chepkurui alikuwa tayari amesimama mbele ya spika hiyo, machozi hayajakauka.

"Uwazi, Aron," akasema. Nikaurudisha mkono. Tangazo nililisoma mwenyewe.

"Mkubwa," Mheshimiwa akasema, jasho likimtiririka, "sikuambii uwaambie waniachilie."

Kisha sauti nzito. "Hapo uko na watu?"

"Wachache tu, Mkubwa."

"Chamgei, mzee!" ikamsalimia foleni yote.

Sauti nzito ikakohoa. "Serikali haiingilii kazi ya polisi."

"Ndio, Mkubwa, lakini..."

"Nauliza tu. Umekula?"

Uso wa Mheshimiwa ukang'aa. Hata mimi nilipumua. "Bado, Mkubwa! Na kile chakula cha ndani huwa kinanisumbua tumbo!"

"Pole sana," ikasema sauti ile. "Utazoea."

Nyaberi akafungua kinywa, akaona hakuna haja ya kuuliza. Mheshimiwa aliangalia foleni, akaniangalia mimi, akaishika ile simu kwa mikono miwili, na kwa sauti ndogo ambayo spika iliikuza mpaka barabarani, akasema, "Rudia."

Laini ilikuwa imekatwa. Afande Mokaya akamfungulia mlango wa Landrova, na Kiptanui akaenda kumshikia mkewe gunia, maana zamu yake kwenye mizani ilikuwa bado haijaisha.