Swala wa Barabara ya Mununga

Jumatatu, 5 Agosti

Nimesema ndiyo. Kwa nini nimesema ndiyo!

Nilikwenda Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa Papa Barthélemy, kumwomba binti yake Laurentine. Mambo yalienda vizuri mno. Kanisa: sawa. Ukoo: sawa, wao wa Moba, sisi wa Pweto, wote tulikimbia vita ya Kongo, wote tukafika huku Zambia. Biashara yangu ya chisense, visamaki vya ziwa Mweru ninavyouza soko la Kashikishi: sawa, ingawa alinusa shati langu kabla ya kunipa kiti. Halafu akasema limebaki jambo moja la nyumbani kwao. Mukwe anaingia porini kwa miguu, anarudi na mnyama. Kabla kisu hakijagusa ngozi, anasimama mbele ya wote na kusimulia safari yake. Alipita wapi. Alikunywa maji wapi. Mnyama alisimama wapi. Wanamuuliza maswali. Ndipo tarehe ya ndoa inatajwa, au haitajwi.

Nikasema mimi ni mkimbizi, sina bunduki. Nikaona nimepona. Mzee akatabasamu.

"Bunduki inaweza kuwa ya mwengine," akasema. "Lakini miguu, ikuwe yako."

Muda: Jumapili hii, baada ya ibada. Didier alikuwepo, kama kawaida yake. Huyu Didier anachoma makaa, anaingia porini na kutoka kama mtu anayekwenda chooni, na macho hayamtoki kwa Laurentine. Alicheka bila sauti. Basi nikasema ndiyo, kwa nguvu, huku nimeshika kiti kwa mikono miwili. Laurentine aliitazama mikono yangu.

Naogopa pori. Sababu naijua na sitaiandika hapa.

Jumanne, 6 Agosti

Sikupata usingizi. Lakini asubuhi, nikipiga mswaki, akili ikafunguka! Swala nao wana miguu. Wanavuka barabara, nimewaona mwenyewe nikitoka Mununga na magunia. Kwa nini niwafuate kwao, kwenye nyasi na nyoka na mambo yasiyoonekana? Nikae barabarani, waje wao. Barabara ni pori lililofagiliwa. Unaona mbele, unaona nyuma, na ukiwa ndani ya gari una mlango unaofungwa.

Hervé, rafiki yangu mwenye kamionete ya kubebea samaki, amekubali. Aliuliza miguu yangu itaingia wapi katika mpango huu. Nikamwambia nitakuwa nayo muda wote.

Bunduki: Ba Chisala, Mzambia, mzee wa Kashikishi, mwenye gobore la baba yake na karatasi zote, ya bunduki na ya kuua swala mmoja. Alinionya kwamba sheria inakataza kupiga kutoka kwenye gari. Nikasema hakuna shida, yeye atashuka, ataingia hatua chache pembeni, apige huko kihalali. Akauliza mimi nitakuwa wapi. Nikasema mtu lazima alinde gari.

Alizikunja karatasi zake, moja moja. Wazee wa huku hawana haraka.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya kwanza barabarani. Tulisimama baada ya kalavati la pili kuelekea Mununga, tangu alfajiri. Pande zote mbili nyasi ndefu kuliko gari. Sikupenda. Nilipandisha kioo changu, kisha nikamwomba Hervé apandishe chake.

Tulichoona: mbuzi saba, baiskeli tatu za makaa, padri mmoja. Swala hakuna. Ba Chisala alikaa nje kwenye gogo, ametulia. Alikuja dirishani kuniambia kwamba gari letu linanuka chisense hadi ng'ambo ya ziwa, na mnyama mwenye pua hatakaribia. Nikamwambia pengine atakuja mwenye mafua. Akarudi kwenye gogo lake.

Jua lilipanda. Ndani ya gari joto, samaki na Hervé. Haja ndogo ilinibana tangu saa mbili. Sikushuka. Mtu anaposhuka, anageuza mgongo, na nyasi ziko nyuma yake.

Saa tano kitu kiligonga mlango wangu. Nilijikuta sakafuni, kichwa chini ya usukani, nimeshika mguu wa Hervé. Kilikuwa Mama Esnart, na beseni la viazi vitamu, anauliza kama tutanunua. Jioni soko zima la Kashikishi lilijua. Mtu alinisalimia kwa kugonga meza yangu mara tatu, nikaruka.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana upepo, Hervé alikataa kutoka. Leo tumerudi barabarani. Heri tusingerudi!

Askari wa wanyama walikuwa wameweka kizuizi kabla ya kalavati. Nilipoona nguo zao za kijani nilisahau kwamba tulikuwa na karatasi. Nilipoteza akili tu. Nikaruka nyuma, nikajifunika magunia ya samaki. Wakamsalimia Ba Chisala kwa heshima kubwa, kumbe zamani ndiye aliyewafundisha kazi. Wakasoma karatasi. Safi. Wakafunua magunia, wakanikuta mimi. Mkubwa wao aliuliza kwa upole huyu ni samaki wa aina gani. Ba Chisala akasema ni mtu anayetaka kuoa.

Walicheka, tukaruhusiwa. Halafu yule mkubwa, kwa wema kabisa, akatuambia tuwe macho, chui ameonekana karibu na kalavati.

Chui! Nilimwambia Hervé ageuze gari. Akasema mafuta. Nikamwambia ageuze. Ba Chisala akasema chui hana shughuli na mtu. Nikamuuliza ni nani alimwuliza chui. Tuligeuza.

Laurentine alikuja sokoni mchana. Hakuja kununua. Alisimama mbele ya magunia yangu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Sema tu kweli, Ruffin. Hakuna mutu atakukula." Nikamwambia sina cha kusema, mambo yanakwenda vizuri. Nikajaribu kucheka. Alichukua chisense mmoja, akamtafuna, akaenda zake. Anajua. Tangu mwanzo anajua. Nampenda, na naogopa kwamba Jumapili Didier atamtembelea akiwa na nguruwe pori begani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata swala!

Ilikuwa hivi. Mbele yetu lilikuwa lori la mahindi, linakimbia. Kabuluku, swala mdogo wa huku, akatoka kwenye nyasi za kushoto. Lori halikupunguza. Pwa! Likaondoka, likatuachia vumbi na nyama. Hervé alisimamisha gari. Nikaangalia kushoto, kulia, juu. Nikashuka. Hatua sita kwenda, sita kurudi, zote nikizihesabu. Sijawahi kufika mbali hivyo.

Nikamwomba Ba Chisala ampige risasi moja tu, apate tundu. Aliuliza kwa nini apige kitu kilichokufa. Nikasema kwa ajili ya heshima.

"Awe, mwana," akasema, yaani hapana. "Hii iko kazi ya gari, hapana kazi ya mutu."

Akashuka na gobore lake, akarudi Kashikishi kwa miguu, kilomita zote zile, kando ya nyasi zile zile, chui na yote. Mgongo wake haukutetemeka hata kidogo. Kuna watu Mungu aliwaumba bila woga.

Kwenye kizuizi nilidhani nitakufa. Lakini Hervé aliwaambia ukweli, lori limemgonga. Walimtazama swala upande mmoja, wakaandika kwenye daftari lao, wakatuambia tupite. Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba nilishangaa njia nzima.

Sasa maandalizi. Mtu aliyetoka porini anachafuka. Nguo zangu safi zingenisaliti. Mbegu za nyasi: nimezitoa kwenye mkeka wa jirani, nimezibandika suruali moja moja. Matope ya viatu: hapa ikawa taabu, Agosti ni kavu, hakuna tope nchi nzima isipokuwa kwenye gati. Nikaenda pale wanapopakulia mitumbwi, nikakanyaga mpaka vifundoni. Yamekauka vizuri, meusi, mazito. Ukinitazama, unasema huyu mtu amesafiri.

Hadithi nimeiandika, nimeikariri mara tisa. Mto nimeutaja mara mbili.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kabla sijalala.

Baada ya ibada wote walikaa uani kwa Papa Barthélemy. Wajomba, shangazi, Laurentine karibu na mlango, Didier mbele kabisa. Swala juu ya majani ya ndizi, upande mzuri juu. Nikasimama. Nikaanza. Nilitoka saa kumi na moja, nikapita miombo, nikavuka bonde, nyayo zake nikaziona. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Shangazi mmoja alitikisa kichwa kwa kusifu.

Papa Barthélemy akauliza risasi imeingia wapi. Nikasema hakuna risasi, mnyama alituona, akafa kwa mshtuko. Akamgeuza swala. Upande wa pili ulikuwa umebonyea wote. Akaingiza vidole kwenye manyoya, akatoa kipande cha plastiki, cha rangi ya chungwa, akakiinua juani.

"Ruffin, mutoto wangu," akasema, "hii nyama ilikuwa inavaa taa?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Aliinama, akatazama viatu vyangu, akabandua kitu kwa kucha. Gamba la chisense. Akabandua jingine. Yalikuwa mengi, yanang'aa. Akasema hajawahi kukutana na samaki huko miombo, lakini yeye ni mzee, dunia inabadilika.

Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini Didier, huku akifuta machozi ya kucheka, akauliza: na maji, Ruffin, maji ulikunywa wapi?

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelikariri. Halikutoka. Ghafla sikuwa uani tena.

"Papa," nikasema, "miye ninaogopa pori."

Nikawaambia. Ule mwaka wa kukimbia tulitembea siku nne porini. Siku ya tatu kaka yangu Méschac aliingia kwenye nyasi na dumu kutafuta maji. Alisema anarudi sasa hivi. Tulisikia kijiti kikivunjika mara moja. Tulingoja hadi jua likazama, halafu wakubwa wakasema twende. Mimi nilikuwa mtu mzima na mama alinivuta kwa mkono. Tangu hapo, nyasi zikizidi kiuno sipumui vizuri.

Hakuna aliyecheka. Didier alitazama chini. Shangazi yule alianza kulia, na nadhani hakumlilia kaka yangu tu, kila mtu pale ana wake aliyebaki njiani.

Papa Barthélemy alimfunika swala kwa jani la ndizi. Kisha akasema: "Nyama iko ku soko. Habari yako, ile haiko ku soko." Akaeleza kwamba swala si kitu, hata yeye alipooa alileta sungura. Wanachotaka kujua ni kama mtu akirudi kwao atasema kweli juu ya alikotoka. Leo nimesema, ila nimeanza vibaya, basi nitamalizia vizuri. Alhamisi asubuhi nitembee peke yangu mpaka kichuguu kikubwa nyuma ya mashamba ya mwisho. Nusu saa tu. Wanawake wanapalilia njia nzima. Nipande juu, nitazame, nirudi nimwambie nimeona nini. Bila bunduki, bila nyama.

"Ukirudilia katikati ya njia," akasema, "useme ulirudilia katikati. Ile nayo ni habari. Tarehe tutaitaja."

Yaani hata nikishindwa nimeoa! Laurentine alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono mbele ya watu. Alisema hivyo hivyo tu, Ruffin, kama ulivyosema leo. Nililia njia nzima, nikamwambia Hervé ni vumbi.

Swala alipikwa. Didier alikula sana.

Jumatano, 14 Agosti

Kesho.

Nimekwenda kukitazama kichuguu kwa mbali, nikiwa juu ya gari. Nyasi za pale zinafika kifuani. Mzee hakulitaja hilo.

Lakini nimefikiri kwa utulivu, na mambo yamekaa sawa. Nitatoka Mantapala kwa miguu, wote wanione. Nyuma ya kanisa Hervé atakuwa na pikipiki ya binamu yake. Mimi nitaingia kanisani, nifunge mlango, nisali. Yeye atakwenda kichuguuni, apande, atazame, arudi anieleze. Papa alisema miguu iwe yangu. Kuhusu macho hakusema neno.

Hervé ameniuliza kama sikusikia ile habari ya kurudilia katikati. Nilisikia sana. Lakini mtu aliyefika ni bora kuliko mtu aliyerudi, hasa Didier akiwepo.

Na safari hii siendi gati kutafuta matope. Nimechota udongo mwekundu kando ya barabara ya Mununga, mfuko mzima, kwa ajili ya viatu. Nimeupepeta mara mbili. Hauna gamba hata moja.